Kwa Nini Ulimsumbua?

Mjomba wangu anakaribia miaka 80, na bado akishika mshipi anajua kwa kidole kama aliyegusa chambo ni changu au tasi. Yeye yuko Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Mimi niko jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, huu mwaka wa 13 sasa. Siku niliyomnasa stilihedi wangu wa kwanza nilimpigia simu kabla hata sijavua buti. Huku jua lilikuwa linazama nyuma ya milima. Kwake ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuswali alfajiri, amekaa kibarazani anakagua mshipi wake.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Kuna heri?”

“Heri tu mjomba. Nimepata samaki.”

Nikamsimulia yote: rangi yake, nguvu zake, alivyoruka, mkono wangu ulivyokufa ganzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana mvuvi hamkatizi mvuvi mwenzake. Kisha akauliza nimempikaje.

“Sikumpika mjomba. Nilimwachia aende zake.”

“Alikuwa mchanga?”

“Hapana, mkubwa. Kilo nne zinafika.”

“Mgonjwa?”

“Hapana.”

Nikasikia bahari nyuma ya ukimya wake. “Sasa mpwa wangu, kama hukuwa na haja naye, kwa nini ulimsumbua?”

Nilijibu kitu gani sikumbuki. Swali nalikumbuka, na limekuwa likiingia nami mtoni kila msimu tangu siku ile.

Stilihedi, ambaye jina lake maana yake ni kichwa cha chuma, ni trauti. Kitaalamu anaitwa Oncorhynchus mykiss, naye ni aina ileile ya trauti waliopandikizwa na walowezi katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachomtenga na ndugu zake ni safari. Vifaranga wakianguliwa katika mto mmoja, baadhi yao hubaki humohumo maisha yao yote, wadogo, wenye madoa na mstari mwekundu ubavuni. Wengine, pengine wa tumbo moja nao, hukaa mtoni mwaka mmoja hadi mitatu, kisha mwili wao hubadilika: wanakuwa weupe kama fedha, matamvua na figo zao zinajizoesha chumvi, wanateremka baharini. Huko Pasifiki hula na kunenepa mwaka mmoja, miwili au mitatu, halafu hurudi wakinusa njia hadi mto uleule waliozaliwa.

Samoni wa Pasifiki huku wengi wao hutaga mara moja tu wakafa. Stilihedi si lazima afe. Anaweza kutaga, akateremka baharini amekonda kama mgonjwa aliyetoka hospitali, akajijenga upya, akapanda tena mto mwaka mwingine. Kwa hiyo ukimshika na kumwachia, unakuwa umeshika maisha ambayo bado yana safari mbele.

Mto wangu ni Sauk. Unatoka milima ya Cascade, unapita mji mdogo wa Darrington, unapokea maji ya Suiattle yenye rangi ya tui kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya mlima Glacier Peak, kisha unaingia Skagit pale Rockport. Aprili maji yake yanakata mifupa. Unaingia umevaa suruali ya mpira inayopanda hadi kifuani, na hata ukiwa na buti za kushika mawe, mawe yenyewe ni ya mviringo na yanateleza kama yamepakwa mafuta. Mkondo ukishika mapaja unahisi mto mzima umekuegemea. Nimeona mwanamume mwenye nguvu kunishinda akiondoka na maji kama gunia, akatoka mita 50 chini akitetemeka asiweze kufunga zipu ya koti lake.

Ufito una urefu wa karibu mita nne na unashikwa kwa mikono miwili, mtindo uliotokea mto Spey kule Uskoti. Mwisho wa mshipi hakuna chambo. Kuna ndoano moja iliyofungwa manyoya ya zambarau au ya chungwa. Unautupa mshipi kwa mshazari kuelekea ng’ambo, mkondo unauzungusha taratibu hadi unanyooka upande wako, unapiga hatua mbili kuteremka, unatupa tena. Ni hivyo kutwa. Wavuvi wa huku humwita samaki wa mitupo elfu na hawatii chumvi: msimu wangu wa kwanza, 2018, niliumaliza bila kuguswa hata mara moja. Na hata samaki akiwa mbele yako, njaa hana. Aliyetoka baharini akiingia mtoni karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo. Chambo cha mjomba humdanganya samaki mwenye njaa. Manyoya yangu humchokoza samaki ambaye hakuwa anatafuta chochote.

Kuna jambo sikumwambia mjomba asubuhi ile.

Ilikuwa Aprili 2019. Mshipi ulifika mwisho wa mzunguko wake ukasimama, nikadhani umekwama kwenye gogo, kisha gogo likaanza kupanda mto. Aliruka mara mbili. Alipofika kwenye maji ya magotini nilimwona vizuri: mgongo wa kijani kama chuma kilicholowa, ubavu mweupe, na waridi hafifu limeanza kuchanua shavuni. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai. Kanuni nilikuwa nimeisoma: stilihedi wa mwitu hatolewi majini mzimamzima, hata kwa picha. Niliisoma na wakati ule niliikumbuka. Rafiki yangu akasema, “Mnyanyue, simu iko tayari,” nami nikamnyanyua. Picha ya kwanza macho yangu yalikuwa yamefumba. Tukapiga ya pili. Tukapiga ya tatu.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka mkiani mwake, kisha yakaanza kudondoka mekundu. Ndoano ilikuwa imepita shavu ikashika tamvua. Nilipoichomoa, damu ilitoka nyembamba kama uzi, ikachora mstari majini, mto ukaufuta, ikachora mwingine. Nikamshika mkia, nikamwelekeza kichwa juu ya mkondo kama nilivyofundishwa. Mdomo ukafunguka, ukafumba. Baada ya muda akajitikisa, akaniponyoka, akazama kwenye kina. Tukakumbatiana na rafiki yangu kwa furaha.

Nusu saa baadaye, nikiteremka na mto, nilimkuta kwenye maji yaliyotulia nyuma ya gogo, amelala ubavu. Sheria hairuhusu kumchukua hata akifa, na ni sheria nzuri, kwa kuwa bila hivyo kila mtu angekuwa na maiti ya bahati mbaya mfukoni. Nilimwacha palepale na mayai yake. Bonde lile lina tai wengi wenye vichwa vyeupe.

Kwa hiyo niliposema “nilimwachia aende zake”, nilikuwa namdanganya mzee wangu.

Samaki wale si wa kupoteza hata mmoja. Tangu 2007 stilihedi wa mito inayoingia ghuba ya Puget Sound wamo katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Mabwawa yaliwafungia njia, miti ya kingo ilikatwa maji yakapata joto, mikono ya mito ilikatwa kwa matuta ili yapatikane mashamba, na kabla ya hayo yote watu walivua kupita kiasi. Uvuvi wa Aprili katika Skagit na Sauk ulifungwa kwa miaka kadhaa idadi iliposhuka. Wavuvi wa hapa walipigania ufunguliwe tena, na 2018 ukafunguliwa kwa masharti: hakuna chambo, ndoano iwe moja na isiwe na kile kijino cha nyuma kinachoizuia kutoka, na kila samaki wa mwitu arudishwe. Hoja yao ilikuwa kwamba mto usio na wavuvi hauna mashahidi. Nani atapiga kelele maji yakichafuka? Hoja hiyo niliipenda, na bado naipenda. Ila tangu 2019 najua kwamba shahidi naye anaweza kuua, hasa akiwa na simu.

Mtu akiniuliza, “Si wapo samaki wa kufugwa, vueni hao mle?” namjibu kwamba wapo, na unaweza kuwatambua: nyuma ya mgongo, karibu na mkia, stilihedi ana kipezi kidogo cha nyama kisicho na miiba, na aliyezalishwa katika kituo cha kuangulia vifaranga hukatwa kipezi hicho akiwa mdogo. Ukimwona hana, katika mito mingi unaruhusiwa kwenda naye nyumbani. Nimekula, ni mtamu. Lakini uzao wa vituoni una gharama yake. Utafiti wa mto Hood, jimbo la Oregon, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba uwezo wa stilihedi kuacha watoto wanaoishi mtoni ulishuka kwa karibu asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Na wakipanda mto pamoja na wa mwitu, wanaoana nao. Unajaza mto samaki huku unaulegeza.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni kugundua kwamba swali la mjomba lilikuwa linaulizwa hapahapa zamani sana kabla sijafika. Katika mikataba ya 1854 na 1855 makabila ya wenyeji wa asili wa Washington yaliachia ardhi yao karibu yote, lakini yakabakiza haki ya kuvua mahali walipozoea, kwa pamoja na raia wengine. Kwa miaka mingi jimbo liliwakamata kwa kuitumia haki hiyo. Billy Frank Jr., mtu wa kabila la Nisqually, alikamatwa mara ya kwanza akiwa na miaka 14, na hadi mapambano yanaisha alikuwa amekamatwa zaidi ya mara 50. Mwaka 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba maneno “kwa pamoja” yana maana ya nusu kwa nusu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono mwaka 1979. Leo makabila ya Sauk-Suiattle, Upper Skagit na Swinomish hukaa meza moja na jimbo kupanga kama mto utafunguliwa au la.

Wengi wa makabila haya husema wazi kwamba kushika na kuachia ni kuchezea chakula. Mara ya kwanza kuyasoma maneno hayo nilimsikia mjomba. Wazungu wengi ninaovua nao huona wavu wa kabila ndio ukatili, na ndoano yao yenye manyoya ndiyo heshima. Mimi nilikulia kwenye nyavu na siwezi kukubali hivyo. Anayeua mmoja akamla, akamshukuru Mungu, na anayewashika wanane kwa siku akawapiga picha wote na kurudi nyumbani akisema hajaua: siku hizi huyu wa pili ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Yule wa kwanza walau anajua amechukua wangapi.

Halafu kuna Elwha. Mto huo unaishia baharini upande wa kaskazini wa rasi ya Olympic, na ulizibwa na mabwawa mawili, moja la 1913, jingine la 1927, bila njia ya samaki. Nyuma ya kuta hizo walibaki trauti wadogo, wametengwa na bahari kwa karibu karne nzima. Kuta zilibomolewa kati ya 2011 na 2014. Stilihedi wa kiangazi, ambao walikuwa kama wametoweka mto ule, wakaonekana tena, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba wengi wametokana na wale waliofungiwa juu. Ndani ya trauti mdogo wa kijitoni kumbukumbu ya bahari ilikuwa bado hai. Kabla kuta hazijaanza kubomolewa, kabila la Lower Elwha Klallam na jimbo walikubaliana kusimamisha uvuvi. Watu waliousubiri mto wao miaka mia wakasubiri tena zaidi ya miaka kumi huku samaki wakipita mbele ya milango yao. Mwaka 2023 ndipo kabila lilipovua kwa mara ya kwanza, samoni wachache tu, kwa ajili ya sherehe na chakula. Nimesimama kwenye mdomo wa mto ule bila ufito. Sijawahi kuona uvuvi wa adabu kuliko ule wa kutovua.

Kusini zaidi, Oregon, mto North Umpqua unapokea kijito kiitwacho Steamboat, na ndani ya kijito hicho kuna kidimbwi cha Big Bend ambamo mamia ya stilihedi hukusanyika kiangazi wakikimbia joto. Majangili waliwahi kukilipua kwa baruti, na wenyeji wakakipa jina hilohilo, Shimo la Baruti. Mtoto wa Tanga halipiti jina kama hilo hivihivi. Nimelala usiku mwingi wa utotoni nikishtushwa na mlio ule mzito baharini, na asubuhi nikaona watu wakiokota samaki wasio na alama ya jeraha nje, ila ndani wamekuwa uji.

Kuanzia 1999, kwa karibu miongo miwili, mtu mmoja anayeitwa Lee Spencer alikaa pale Big Bend kila msimu na mbwa wake akiwalinda samaki wale na kuandika kila alichoona. Na alipokwenda kuvua kwenye mto mkubwa alikata ncha za ndoano zake. Samaki anauma, mvuvi anahisi mguso, samaki anaachia, basi. Mwaka 2021, baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia na samaki kurudi wachache mno, jimbo la Oregon lilifunga uvuvi wa stilihedi North Umpqua kuanzia Agosti. Nilipozisoma habari hizo nilichukua koleo nikaenda kwenye kisanduku cha manyoya yangu.

Sikuzikata zote. Sitaki kujipamba. Nimekata nusu, na utaratibu wangu sasa uko hivi: samaki wa kwanza akishikwa na ndoano yenye ncha, siku imekwisha, ncha inakatwa au narudi garini. Hanyanyuliwi. Ndoano inatolewa chini ya maji, na kama imezama sana mshipi unakatwa. Maji yakikaribia nyuzi 20 sivui kabisa, kwa kuwa maji ya joto hayana pumzi ya kutosha kwa samaki aliyechoka. Na Aprili natazama ninapokanyaga. Jike huchimba kiota kwa mkia kwenye changarawe. Utaona sehemu ya umbo la yai, safi, nyeupe kuliko mawe ya jirani, na kilima kidogo upande wa chini. Mayai yamo ndani ya kile kilima. Buti moja inaweza kumaliza kilichoponea mabwawa, sili wa baharini na nyavu. Samaki walio kwenye kiota situpii mshipi hata wakiwa wakubwa namna gani.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Usiku wa pili, baada ya chakula, nilimweleza mjomba ukweli wa yule jike: picha tatu, uzi wa damu, gogo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakunigombeza. Alisema tu, “Na mayai?” Nikamwambia na mayai. Akatikisa kichwa, akaniambia nilale mapema, kesho tutatoka.

Tulitoka na ngalawa kabla ya jua. Hakunipeleka kwenye maji yake ya kila siku. Alinipeleka juu ya mwamba ambao zamani wapiga baruti waliusambaratisha, pale ambapo nilipokuwa mdogo wavuvi walipita bila kusimama. Serikali ilipokaza kamba baruti zikapungua, na maji yale yakaachwa kimya. Akatia kipande cha ngisi kwenye ndoano ndogo, akateremsha chubwi, akakaa na mshipi juu ya kidole cha shahada. Jua likatoka. Nikataka kusema kitu, akanizuia kwa jicho.

Akavuta mara moja, bila pupa. Alikuja chewa wa madoa, urefu wa kiganja changu. Mjomba aliulowanisha mkono kwanza baharini, kitu ambacho sikuwahi kumfundisha na yeye hakuwahi kunifundisha, akamshika chewa yule palepale usawa wa maji, akaitoa ndoano, akamwachia. Tulimwona akishuka, akageuka mara moja, akaingia chini ya kipande cha matumbawe kilichoanza kuota upya.

“Huyu tumemsumbua,” mjomba akasema. “Nilikuwa nataka kujua kama wamerudi. Nakuja mara moja kwa mwaka. Mwaka juzi hapakuwa na kitu.”

Akakunja mshipi kwenye kibao chake, akanionyesha nanga. Nikaivuta, tukatweka tanga, tukaenda kutafuta kitoweo kwingine.